Kandanda: Kihisi ndani ya mpira chaona mguso ambao jicho linaukosa

Tarehe 17 Juni 2024, mjini Frankfurt, Ujerumani, Romelu Lukaku alidhani ameisawazishia Ubelgiji dhidi ya Slovakia katika Kombe la Ulaya. Zilibaki dakika chache tu. Lakini bao lilikataliwa: Loïs Openda, aliyempa pasi, alikuwa ameugusa mpira kwa mkono. Ubelgiji ikafungwa 1-0.

Wachezaji hao wawili wana asili ya Congo. Roger Lukaku, babake Romelu, aliichezea timu ya taifa ya Zaïre.

Mguso huo ulijulikanaje? Ndani ya mpira kulikuwa na kihisi, kifaa kidogo kinachorekodi mwendo wake mara 500 kwa sekunde. Kwenye televisheni ulionekana mstari kama wa mapigo ya moyo, ukiruka pale mkono ulipokutana na mpira. Hata hivyo, kihisi hakikukataa bao. Kilieleza tu kwamba mpira umeguswa. Uamuzi ulibaki kwa refa na sheria.

Kihisi cha aina hii hupima mambo mawili: kasi inavyobadilika ghafla, na namna kitu kinavyozunguka. Kinachotoka ni namba tupu. Ili zipate maana, kompyuta hufundishwa kwa mifano mingi: hili ni shuti, hii ni pasi, huku ni kukimbia. Baada ya hapo inaweza kutambua yenyewe tendo jipya linalofanana na yale iliyoonyeshwa.

Teknolojia hii imeingia pia mazoezini. Kampuni ya Playermaker, kwa mfano, hutengeneza vihisi vinavyofungwa kwenye viatu. Kocha huona mchezaji ameugusa mpira mara ngapi kwa mguu wa kulia na wa kushoto, na ameupiga kwa kasi gani. Anayetoka kwenye jeraha akianza kuuhurumia mguu mmoja, namba zinaweza kumfichua kabla yeye mwenyewe hajasema.

Ila mashine inajua tu yale iliyofundishwa. Kama mifano yake yote ilitoka kwa wanaume wazima wanaocheza kwenye nyasi nzuri za Ulaya, inaweza kumsoma vibaya msichana wa miaka 14 anayecheza pekupeku kwenye vumbi la Goma au Lubumbashi. Tena namba haisemi kwa nini mtoto amepunguza mbio: amechoka, ana njaa, au anaumwa? Hilo litajulikana na kocha anayemfahamu.

Linabaki swali la mali. Namba za mwili wa mchezaji zinaweza kupandisha au kushusha bei yake siku ya mkataba. Kijana anayefungwa kihisi, pamoja na wazazi wake, waulize mapema: namba hizi zitawekwa wapi, nani ataziona, na akihama timu, ataondoka nazo?