Mafuta Yanaganda, Luninga Je?

Hadithi hadithi! Sogeeni hapa jikoni, wajukuu zangu, sogeeni wote. Huu ni mwezi wa saba, na Songea yetu imekaa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Usiku upepo ukishuka kutoka milima ya Matogoro, joto huteremka hadi nyuzi 10 na kitu. Tazameni chupa ya mafuta ya kula pale juu ya kabati. Jana mchana yalikuwa yanamiminika vizuri. Asubuhi hii yamekuwa meupe na mazito, hata ukipindua chupa hayatoki. Sasa nawauliza: ndani ya ile luninga bapa ya sebuleni nako mna kimiminika. Mbona chenyewe hakikuganda?

Ndiyo, kimo. Zile luninga za chogo tulizokuwa nazo zamani zilikuwa na bomba kubwa la kioo lililonyonywa hewa, hivyo hazikuwa na cha kuganda. Hii bapa ni kitu kingine. Ina vioo viwili vilivyobanana, na katikati yake umewekwa utando wa kimiminika mwembamba kuliko sehemu moja ya mia mbili ya milimita. Wataalamu hukiita fuwele kimiminika. Kinatiririka kama vimiminika vingine, lakini molekuli zake ni ndefu na nyembamba, na hupenda kulala zikiwa zimeelekea upande mmoja. Zikiwekewa umeme, zinageuka. Nyuma kuna taa inayowaka muda wote, na mbele na nyuma ya vioo kuna karatasi maalumu za kuchuja mwanga. Molekuli zikikaa hivi, mwanga unapita. Zikikaa vile, unazuiwa. Picha yote mnayoiona, kuanzia jezi ya mchezaji hadi nyasi za uwanja, imetokana na mamilioni ya vitone ambavyo molekuli zake zinageuka na kurudi.

Na zinageuka upesi mno. Kwa matangazo yetu, luninga hubadilisha picha mara 50 kila sekunde, kwa hiyo kila picha ina milisekunde 20 tu za kuishi. Baridi ikizidi, kimiminika kinakuwa kizito, molekuli zinachelewa kugeuka, na picha mpya inafika kabla ya ile ya zamani kuondoka. Hapo ndipo mpira uliopigwa kwa nguvu unaonekana una mkia. Katika nchi ambazo baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri, kioo kilichoachwa nje kinaweza kuganda kabisa kisionyeshe kitu, na mara nyingi kikipata joto polepole kinarudia hali yake. Kwetu Songea hakuna baridi ya namna hiyo. Lakini msidhani kwamba luninga imevumilia asubuhi zetu kwa bahati tu. Kuna watu waliohangaika miaka mingi hadi ikawa hivyo.

Mwaka 1888 Nduna Songea Mbano alikuwa bado hai katika nchi hii ya Wangoni. Mbali kabisa, katika mji wa Prague, mtaalamu wa mimea aitwaye Friedrich Reinitzer alikuwa akichunguza dutu iliyotokana na karoti. Karoti, wanangu! Aliipasha moto. Ilipofika nyuzi 145.5 iliyeyuka, ikawa majimaji yenye ukungu. Akaongeza moto. Ilipofika nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka, ikawa safi. Reinitzer akashangaa, maana kitu huyeyuka mara moja tu, hakiyeyuki mara mbili. Akamwandikia barua Otto Lehmann, mwanafizikia wa Ujerumani aliyekuwa na hadubini yenye kipashio. Lehmann akachungulia, akaona jambo ambalo halikuwa na mahali pake katika vitabu vya wakati ule: kitu kinachotiririka, lakini molekuli zake zimejipanga.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kitu hicho kina kazi gani. Nani angetengeneza luninga inayohitaji nyuzi 145 ili ionyeshe picha? Mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani, kwa kazi ya George Heilmeier na wenzake, ilitangaza vioo vya kwanza vya fuwele kimiminika, ila dawa zake bado zilikuwa na matatizo. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, George Gray na wenzake wakatengeneza molekuli imara iliyofanya kazi kati ya nyuzi 24 na 35 hivi. Hebu fikirini! Hiyo ingetosha mchana wa Dar es Salaam. Hapa Songea, mitaa ya Bombambili au Lizaboni, saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba, ingekuwa imeganda kama mafuta yetu pale juu.

Ufumbuzi wake ndio ninaoupenda kuliko yote. Walichanganya. Peter Raynes, aliyekuwa akifanya utafiti katika mji wa Malvern, huko huko Uingereza, alikokotoa namna ya kuunganisha molekuli kadhaa zenye urefu tofauti. Zilizo sawa hushikana haraka na kuganda pamoja. Zilizotofautiana hushindwa kupangana, zikabaki zinatiririka hata baridi ikija. Mchanganyiko wao mmoja ulifanya kazi kutoka nyuzi 10 chini ya sifuri hadi karibu 60 juu yake. Mchanganyiko uliomo kwenye luninga za leo umetokana na kazi hiyo. Ndiyo maana vitabu vingi vya maelekezo husema luninga itumike kati ya nyuzi 0 na 40, nasi hapa tumo ndani ya kipimo hicho mwaka mzima. Zipo na luninga za OLED, ambazo vitone vyake vinawaka vyenyewe bila kimiminika. Hizo baridi yetu hazijali kabisa.

Bapa za zamani kidogo, zenye mirija ya zebaki badala ya taa za LED, huwaka kwa kufifia asubuhi ya baridi, kwa kuwa mvuke wa zebaki unapungua. Ziacheni dakika chache zipate joto. Msizigonge.

Cha kuogopa hapa kwetu ni maji. Luninga nyingi hutoka Dar es Salaam kwa basi au lori, zikapita Makambako na Njombe usiku, na Njombe iko kwenye mita karibu 2,000. Zinafika hapa zimepoa hadi ndani. Ukiifungua moja kwa moja kwenye chumba chenye watu na chungu kinachochemka, mvuke wa hewani unageuka matone juu ya kila kitu kilicho baridi, pamoja na bodi ya umeme usiyoiona. Pulizeni pumzi kwenye kioo cha dirisha sasa hivi, mtaona ninachosema. Ukichomeka umeme wakati huo, maji yanaunganisha njia zisizotakiwa kuunganishwa, na bodi inaweza kuungua.

Kwa hiyo ikifika, iacheni ndani ya boksi na mfuko wake wa nailoni kwa saa kadhaa. Matone yakitokea, yatakaa juu ya nailoni. Baadaye fungueni, mguse kioo kwa kiganja, na kisipokuwa baridi kuliko meza iliyo karibu yake, chomekeni.