Dafu, Chumvi na Mkimbiaji

Kijana akianza kushinda mbio za masafa marefu, hakosi mtu wa kumwambia kwamba nguvu zimo koponi: unga wa mimea wa kukorogwa majini, ambao bei yake humtoa mtu jasho kabla hajakimbia.

Mwaka 2004 wataalamu waliandika habari za wakimbiaji hodari 10 wa Kenya ambao chakula chao kilipimwa kwa siku 7. Katika kila sehemu 100 za nguvu walizopata kwa chakula, 86 zilitoka katika mimea, na ugali peke yake ulitoa 23. Vingine vilikuwa wali, viazi, uji, kabichi na maharagwe. Ndivyo vilivyomo jikoni mwetu.

Lakini jasho ni jambo jingine. Akimbiaye juani kwa saa mbili au tatu hupoteza maji na chumvi. Ladha yake aijua kila aliyelima. Wengi hushika dafu, na dafu ni kinywaji chema kweli. Ila madini yaliyomo kwa wingi ni potasiamu, nalo jasho hutoa zaidi sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya kupikia. Hivyo dafu tupu halirudishi kilichotoka.

Basi anywe maji mengi? Hapo ndipo penye hatari. Katika mbio za Boston, Marekani, mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza. Katika kila 100, watu 13 walikuwa wamepungukiwa sodiamu, hasa wale waliokunywa kupita kiasi. Mwanamke mmoja aliyekimbia siku hiyo alifariki kwa sababu hiyo. Maji yakizidi, damu huzimuka na ubongo huvimba.

Mama aliyewahi kumtunza mtoto mwenye kuharisha anaijua dawa: maji lita 1 yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazishwa, na chumvi nusu kijiko kidogo. Sukari huisaidia chumvi kupenya utumbo, na maji hufuata. Utumbo wa mkimbiaji ni ule ule. Anywe kadiri ya kiu yake. Kwa mbio zisizofika saa moja, maji na chakula cha nyumbani vyatosha.

Na aliyekunywa maji mengi, kisha akaumwa kichwa, akatapika na kuanza kusema ovyo, asiongezewe maji. Apelekwe hospitali upesi.