Pana joto, kuna joto, mna joto

Miongoni mwa vyombo vilivyoingia katika nyumba kadhaa za mijini mwetu ni lile jiko la gesi la kuchomea nyama, lenye kifuniko kikubwa cha chuma na, mbele ya kifuniko hicho, kisahani cha kioo chenye mshale na tarakimu. Kisahani hicho ni kipimajoto. Wenye majiko haya hukitazama kwa imani kubwa, wakaamini kwamba mshale ukisimama penye tarakimu fulani basi nyama imewiva na wageni waweza kukaribishwa mezani. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba imani hiyo imevuka mpaka, na kwamba kosa lililomo ndani yake ni la lugha kama lilivyo la upishi. Hii ndiyo sababu mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha isimu wala si mapishi, nimethubutu kulizungumzia.

Yafaa kwanza tujiulize kipimajoto hiki kilitoka wapi. Mchomaji wetu wa nyama tuliyemzoea hana haja nacho. Nyama yake i wazi juu ya makaa. Huiona ikibadilika rangi, huyasikia mafuta yakichuruzika motoni, na huigeuza kwa wakati wake. Mambo yalibadilika kilipokuja kifuniko. Mnamo mwaka 1952, huko Chicago nchini Marekani, George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya vyuma ya Weber Brothers, alitumia nusu za boya la chuma kutengeneza jiko la makaa la mviringo lenye kifuniko, ili upepo usiuchezee moto wake. Katika miaka ya 1960 majiko ya gesi nayo yakaanza kuuzwa huko kwa matumizi ya nyumbani. Kifuniko kiliyahifadhi majoto, lakini kilimnyang'anya mpishi macho yake. Mshale ule wa kisahani uliwekwa uwe badala ya macho yaliyopotea.

Chombo chenyewe ni cha ustadi mkubwa. Nyuma ya kisahani mna kijiti chembamba cha chuma kinachopenya kifunikoni, na ndani ya kijiti mna utepe uliosokotwa mfano wa parafujo. Utepe huo umefanywa kwa metali mbili zilizogandamanishwa. Kwa kuwa metali mbili hazitanuki kwa kiasi kimoja zipatapo joto, utepe hujipinda, na kule kujipinda ndiko kunakouzungusha mshale. Maarifa haya ni ya kale. Kwa kawaida sifa hupewa seremala Mwingereza, John Harrison, aliyeutumia utepe wa shaba nyeupe na feleji katika karne ya 18 ili saa yake ya tatu ya baharini isiharibiwe majira na mabadiliko ya joto. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa kutanuka kwa metali hana haja ya kwenda mbali. Mfano huo umo katika jiko la jirani.

Basi kijiti hiki hupima nini? Hupima joto la hewa inayokigusa pale juu kilipo, sentimita chache chini ya kifuniko. Hakipimi joto la wavu wa chuma ambao nyama imelazwa, sembuse joto la nyama yenyewe. Na mahali hapa patatu havilingani kabisa. Hewa yenye moto hupanda juu. Kwa hiyo nyama inapowekwa upande mmoja, na moto ukawashwa upande wa pili, huenda kule kifunikoni kukawa na joto kuliko wavuni. Kinyume chake, nyama inapowekwa moja kwa moja juu ya mabomba yanayotoa moto, wavu huwa mkali kuliko mshale unavyodai. Tofauti ya nyuzi 20 au 30 za Selsiasi si jambo la kushangaza. Tena ukiweka pande kubwa la nyama baridi chini ya kijiti, ubaridi wake huushusha mshale ingawa moto haukupungua hata kidogo.

Wakati mmoja nilialikwa pamoja na walimu kadhaa nyumbani kwa mwenzetu, muhula ulipofungwa. Mwenyeji wetu alikitazama kisahani, akatangaza kwa furaha: "Imefika mia mbili! Karibuni mezani." Mwalimu mmoja wa kike, mtu wa sayansi kimu, akamwuliza kwa upole, "Mwalimu, ni nini kilichofika?" Watu wakacheka. Lakini mama yule alitoa mkobani kipimajoto chembamba cha kudunga, akakichoma katika paja la kuku palipo nene, mbali na mfupa. Kilisoma nyuzi 58. Kicheko kikakatika, na paja likarudishwa jikoni.

Nililirudia swali lile moyoni kwa siku nyingi, kwa maana lilikuwa swali la sarufi. Kiambishi i- katika "imefika" ni cha ngeli ya I-ZI. Katika ngeli hiyo mna hewa, mna halijoto, na mna nyama. Lau mwenyeji angesema "limefika", tungejua anazungumzia jiko. Lau angesema "umefika", tungejua ni mshale. Aliposema "imefika", yeye alikuwa akiisoma hewa, nasi tukasikia nyama. Hata hivyo, nyama haiwezi kufika nyuzi 200 ndani yake ikabaki kuwa chakula. Nyama ina maji mengi, na kabla maji hayo hayajakauka, joto la ndani haliwezi kupanda sana kupita kiwango cha kuchemka. Tarakimu ile peke yake ilitosha kutuonya kwamba hatukuwa tukizungumza juu ya nyama.

Kiswahili, kwa bahati njema, kimetupa zana ya kuliepuka kosa hili. Wanafunzi wetu hukariri ngeli ya mahali, PA-KU-MU, kwa ajili ya mtihani, kisha wakaisahau. Tunasema "pana" kwa mahali mahususi, panapoweza kuelekezwa kidole. Tunasema "kuna" kwa mahali pasipo na mipaka bayana. Na tunasema "mna" kwa mahali pa ndani. Kipimajoto cha kifuniko husema "pana joto", yaani hapa nilipo, penye ncha ya kijiti changu. Sisi twasikia "kuna joto", tukadhani kimelieleza jiko zima. Kisha twawapakulia wageni kana kwamba kimesema "mna joto", yaani ndani ya nyama. Kutoka pa- hadi mu- ni safari ndefu, na katika safari hiyo mtu aweza kuugua.

Nasema kuugua bila kutia chumvi. Nyama ya kuku isiyowiva yaweza kubeba vijidudu vya salmonela na kampilobakta, vinavyoleta tumbo la kuendesha na homa, na ambavyo huwadhuru zaidi watoto wadogo, wazee na waja wazito. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama ya kuku ifike nyuzi 74 za Selsiasi ndani yake. Nyama ya kusaga nyuzi 71. Na vipande vizima vya ng'ombe au kondoo nyuzi 63, kisha vipumzishwe dakika tatu kabla ya kuliwa. Rangi si shahidi wa kutegemewa, kwa kuwa nyama ya kusaga yaweza kugeuka kahawia kabla haijawa salama. Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi muulize kata. Kata huijua siri kwa sababu huingia ndani. Kifuniko hukaa juu ya mtungi mchana na usiku, wala hakina habari. Katika jiko letu kata ni kile kipimajoto cha kudunga, na mwenye jiko la gesi asiye nacho amenunua nusu ya chombo.

Je, tukivunje kisahani cha kifunikoni? La hasha. Chombo hiki kina kazi yake, na kazi hiyo hukifanya vizuri kikichaguliwa na kutumiwa kwa akili. Anayenunua jiko, au anayebadilisha kipimajoto kilichoharibika, na atazame mambo haya. Kwanza, urefu wa kijiti: kilicho kifupi mno hulisoma joto la chuma cha kifuniko badala ya hewa ya ndani, kinachoingia sentimita tano au zaidi ni bora, mradi kisiiguse nyama. Pili, mahali kilipofungwa: kadiri kilivyo karibu na kimo cha wavu ndivyo kinavyokaribia ukweli. Tatu, nati ndogo ya nyuma ya kurekebishia mshale, ambayo baadhi ya vipimajoto havina. Nne, kioo kisichoingiza mvuke, kwani kisahani kilichojaa ukungu hakisomeki.

Tano, na hili lanigusa kama mwanaisimu, tazama kilichoandikwa. Vipo visahani visivyo na tarakimu hata moja, bali maneno tu ya kigeni yenye maana ya vuguvugu, barabara, na moto sana. Barabara kwa nini? Joto linalofaa samaki si lile linalofaa mbavu za mbuzi. Neno lisilo na kirejelewa ni pambo tu. Chagua chenye tarakimu, tena chenye vipimo viwili, cha Selsiasi na cha Farenhaiti, vilivyotenganishwa kwa rangi. Majiko mengi yanayoletwa kutoka ng'ambo yametanguliza Farenhaiti, ilhali shuleni mwetu tunafundisha Selsiasi. Kitabu cha mapishi cha Kimarekani kikisema 350, maana yake ni nyuzi 177 za Selsiasi. Na mtu anayetaka nyuzi 180 za Selsiasi, akaisoma 180 ya Farenhaiti, jiko lake lina nyuzi 82 tu. Nyama itakaa humo saa nzima ikipashwa badala ya kuchomwa.

Kipimajoto kipya au cha zamani sharti kijaribiwe. Fungua nati inayokishika, kitoe kifunikoni, usafishe masizi na mafuta yaliyoganda kwenye kijiti, kisha ukitumbukize kijiti katika maji yanayochemka. Hapa pana somo zuri kwa walimu. Mombasa, maji huchemka penye nyuzi 100. Nairobi, ambayo iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka penye nyuzi 94 hivi, kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo. Mwanafunzi wa Nairobi anayeona 94 atakilaumu kipimajoto, aukaze mshale hadi 100, na tangu siku hiyo chombo kilichokuwa kikisema kweli kianze kusema uongo. Kipimajoto cha kudunga chaweza pia kujaribiwa katika maji yaliyojaa vipande vya barafu, ambayo yana nyuzi sufuri Nairobi na Mombasa vilevile.

Baada ya kukijaribu, kirudishe mahali pake, uwashe jiko, ufunike, na usubiri dakika 10 hadi 15 mshale utulie. Kwa mara ya kwanza weka kipimajoto cha pili, kisichoharibiwa na moto, juu ya wavu pale nyama itakapokaa. Andika tarakimu zote mbili. Fanya hivyo kwa moto mdogo, wa wastani na mkubwa. Tangu hapo utajua, kwa mfano, kwamba kifuniko kikisema 200 wavu una 175, na kile kisichokuwa sahihi kitakuwa na manufaa kwa sababu kosa lake unalijua. Usifunue ovyo, kwani kila ukifunua joto hukimbia na mshale huanguka.

Kazi kubwa ya kipimajoto cha kifuniko ni kutueleza mabadiliko. Mshale unaoshuka polepole ilhali hukugusa kitu wakuarifu kwamba gesi mtungini inakwisha, au upepo unalipuliza jiko. Mshale unaoruka juu ghafla huenda ukawa ishara kwamba mafuta yameshika moto; hapo funga gesi, acha kifuniko kilivyo, wala usimwage maji.

Ombi langu kwa walimu wenzangu ni dogo. Mnapofundisha PA-KU-MU, wacheni kidogo meza, kabati na kitabu. Wapeni wanafunzi kipimajoto cha kifuniko, sufuria ya maji yanayochemka na swali moja: chombo hiki kinasema habari za wapi? Mwanafunzi akizoea kuuliza hivyo, ataliuliza swali hilo hata mbele ya takwimu za magazetini na alama za mtihani, ambazo nazo hupima mahali pamoja zikatangazwa kuwa zimepima pote. Na siku atakapokuwa na jiko lake mwenyewe, watoto wake watakula kuku aliyewiva.