Je, Wajua? /sdcard si Folda

Mkulima wa viazi wa Timboroa, kule juu zaidi ya mita 2,700 kwenye barabara ya Nakuru–Eldoret, akipiga picha ya magunia yake kwa simu ya Android, picha hiyo huonekana ndani ya folda iitwayo /sdcard. Kumbe /sdcard haihifadhi picha hata moja. Ni kiungo: maandishi ya alama 21 tu, /storage/self/primary, yanayouambia mfumo pa kwenda. Huko nako kuna kiungo kingine, kinachoelekeza /storage/emulated/0. Hapo ndipo picha ilipo.

Kwa nini mzunguko huo? Simu za kwanza za Android, mwaka 2008, ziliweka picha kwenye kadi ya kuchomeka, na programu zikazoea jina /sdcard. Baadaye hifadhi ilihamia ndani ya simu. Jina likaachwa palepale kama kiungo, na programu za zamani hazikuvurugika. Ujanja huu ni wa mfumo endeshi wa Unix, na ulienezwa na toleo la 4.2 la tawi lake liitwalo BSD mwaka 1983. Linux, ambayo ndiyo kiini cha Android, ikaufuata.

Kiungo ni kama kibao cha “Eldoret” kando ya barabara: ukiking'oa, Eldoret haipungui hata nyumba moja. Ukifuta kiungo, folda halisi hubaki na vyake vyote. Ukihamisha folda, kiungo hakijui. Huendelea kuelekeza pasipo kitu.

Tahadhari na alama ya / mwishoni. Amri ls -l /sdcard huonyesha kiungo chenyewe. Amri ls -l /sdcard/ huingia na kuorodhesha vilivyomo. Kurudi nyuma nako kuna mtego. Ukiingia kwa cd /sdcard kisha uandike cd .., unafika /, mzazi wa jina /sdcard, kwa kuwa sheli (programu inayopokea amri) hukumbuka njia uliyoandika. Amri ls .. haina kumbukumbu hiyo: humtafuta mzazi wa folda halisi, yaani /storage/emulated.

Na viungo viwili vikielekezana? Linux huvifuata hadi mara 40, kisha hukataa na kutoa ujumbe wa kosa.

Kwa hiyo unapofuta, angalia unafuta nini. Amri rm ikipewa jina la kiungo pekee, huondoa kiungo. Ikiongezwa /* baada ya jina hilo, hufuta faili halisi zilizo upande wa pili.