Pedeli na viatu: Mtaji unaosahaulika wa mwenye baiskeli

Na Mwandishi Wetu

KILA alfajiri barabara za kuingia mijini hujaa baiskeli zilizobeba madumu ya maziwa, matenga ya kuku, magunia ya mkaa na trei za mayai. Mwenye mali huwa ameshakagua tairi, breki na karia. Ni wachache wanaokagua pale mguu unapokutana na chuma, yaani pedeli na kiatu.

Mwandishi wa makala haya alijifunza kwa hasara. Siku moja ya mvua, akiwa na trei 6 za mayai na kandambili miguuni, aliteleza kwenye pedeli iliyolika mpira. Baiskeli ilianguka na sehemu kubwa ya mayai 180 ikabaki barabarani. Faida ya wiki nzima iliondoka kwa kukwepa gharama ya pedeli mpya.

Ipi inafaa?

Kwa anayeanza biashara ya baiskeli, pedeli ni za aina tatu kuu. Ya kwanza ni ile ya vipande vya mpira, iliyozoeleka kwenye baiskeli kubwa za mizigo. Haili soli ya kiatu na haiumizi mguu, lakini mpira ukilika na kulowa huteleza mno.

Ya pili ni bapa ya chuma au plastiki yenye meno. Hushika kiatu vizuri hata kwenye matope. Ubaya wake ni kwamba meno ya chuma hutafuna soli laini, na mguu ukiponyoka huchana goko.

Ya tatu ni ya kunasa, ambayo kiatu hujifunga kwenye pedeli kwa kipande maalumu kilicho chini ya soli. Ilipata sifa mwaka 1985, Bernard Hinault aliposhinda mashindano ya Tour de France akitumia pedeli za Look. Humsaidia mwanamichezo, lakini kwa mchuuzi anayesimama kila nyumba ni mzigo. Kabla ya kuweka mguu chini lazima uuzungushe kisigino nje ili kiatu kiachie. Ukisahau, unaanguka na mali.

Viatu vya aina hii huonekana mara nyingine kwenye mitumba. Geuza soli kabla ya kulipa. Ukiona kipande cha chuma, au matundu ya kukifungia, jua hicho ni cha mashindano.

Kiatu cha kazi mbili

Mbeba mizigo hapandi baiskeli wakati wote. Kwenye mlima hushuka akasukuma. Kwa hiyo kiatu chake lazima kifae kukanyaga pedeli na pia kishike udongo.

Chagua kiatu cha kufunika vidole, kinachobana kisigino, chenye soli bapa ya mpira iliyo ngumu kiasi. Kikunje kwa mikono: kikikunjika katikati kama chapati, nguvu zako zitapotelea kwenye soli na unyayo utauma. Kandambili hazifai, kwani huchomoka. Kama huna budi kuvaa makubazi, yawe na mkanda wa nyuma.

Jaribu viatu jioni, maana miguu huvimba kidogo kutwa. Kamba zifungwe fupi zisinaswe na mnyororo. Unapoendesha, kanyaga kwa sehemu pana iliyo nyuma ya vidole, si kwa katikati ya unyayo.

Kabla ya kununua

Shika mhimili wa pedeli na uizungushe. Izunguke laini bila kukwaruza. Itikise: ikicheza sana, gololi zimelegea au zimelika.

Pima pia unene wa hesi. Baiskeli nyingi za watu wazima hutumia inchi 9/16, wakati nyingi za watoto hutumia inchi 1/2. Njia rahisi ni kwenda dukani na pedeli ya zamani.

Pedeli hazibadilishani pande. Ya kulia huandikwa R na ya kushoto L. Ya kushoto hufungwa kinyume na nati za kawaida. Kanuni ni moja kwa pande zote: ukiweka spana juu ya mhimili, kuivuta kuelekea gurudumu la mbele ni kukaza, kuelekea la nyuma ni kulegeza. Paka grisi kwenye hesi, anza kwa vidole, kisha malizia kwa spana. Ikigoma mwanzoni usilazimishe, kwani hesi za mkono wa pedeli zikiharibika, utabadilisha mkono wenyewe, na hiyo ni gharama kubwa zaidi.

Kila wiki hakikisha pedeli zimekaza. Iliyolegea hutafuna hesi taratibu hadi ichomoke njiani, mara nyingi mzigo ukiwa mzito. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mchuuzi wa baiskeli, ufa huo uko chini ya unyayo wake.