Waliohesabiwa Hawafai Kando ya Ziwa Nyasa

Agosti 1864 Askofu William Tozer alishuka Unguja akiongoza misheni iliyokwisha kuonekana imeshindwa. Jaribio la kwanza la UMCA, misheni iliyoundwa na vyuo vikuu vya Uingereza, lilianzia Magomero, kusini mwa Ziwa Nyasa, likaishia makaburini. Askofu Charles Mackenzie alikufa kwa homa Januari 1862, na wenzake kadhaa wakamfuata. Tozer alipoamua kuihamishia kazi pwani, David Livingstone alikasirika na kumlaumu kwamba amekimbia. Sasa yuko Unguja, hana waumini, hana shule. Ndipo Sultani Majid alipomkabidhi wavulana watano waliokamatwa ndani ya jahazi la watumwa.

Wavulana wale hawakuwa na maana machoni pa wakubwa wa mji. Sokoni hawauziki tena, na kwao hakuna aliyejua pa kuwarudisha. Hata hivyo mmoja wao, John Swedi, alisoma, akawafundisha wenzake, na mwaka 1879 akapewa ushemasi, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Kundi hilo la watoto wasio na kwao ndilo lililozaa kazi ambayo baadaye ilifika Liuli, Mbamba Bay na vijiji vingine vya mwambao ambavyo leo viko Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga.

Kwa watu wa Ruvuma simulizi hii si ya mbali. Livingstone alilifikia Ziwa Nyasa Septemba 1859 akakuta biashara ya watumwa imeshamiri. Mateka walivushwa kwa majahazi kutoka ng'ambo, wakafungwa pamoja, wakatembezwa kwa majuma hadi Kilwa, na kutoka Kilwa wakapakiwa kwenda Unguja. Wakati huohuo Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika walikuwa wakivamia vijiji vya mwambao na vya milimani. Watu wa ziwani walikimbilia visiwa vidogo na miamba. Wamatengo walipanda juu zaidi, kwenye miteremko mikali na mapango. Kwa hiyo mtoto aliyefika Unguja akiwa ndani ya jahazi huenda alizaliwa mwendo wa siku chache tu kutoka hapa, na huenda mama yake alikuwa bado anamlilia.

Vitabu vitakatifu vimejaa watu wa namna hiyo. Hajiri alifukuzwa jangwani na mtoto wake, na huko ndiko alikokutana na Mungu anayemwona. Yusufu aliuzwa na ndugu zake mwenyewe. Daudi hakuitwa hata nyumbani pale baba yake alipowapanga wanawe mbele ya nabii. Waislamu nao humkumbuka Bilali, mtumwa aliyeteswa Makka, ambaye sauti yake ndiyo iliyochaguliwa kuwaita watu kwenye sala. Mungu hawachagui watu hawa kwa kuwahurumia tu. Huwapa kazi nzito, tena mara nyingi kazi ambayo mwingine asingeiweza.

Hilo la mwisho linaonekana vizuri kwa Augustine Ambali. Alikuwa mtumwa, akakombolewa, akalelewa na misheni Unguja, kisha katika miaka ya 1880 akapelekwa Ziwa Nyasa akiwa mwalimu. Alikaa huko miongo mitatu na zaidi, akawa padri, na uzeeni akaandika kwa Kiingereza kitabu kidogo cha kumbukumbu za miaka yake 30 Nyasaland. Mwenzake Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa vilevile, alipata upadri mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa UMCA, akafanya kazi Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo.

Walichokuwa nacho watu hawa hakikununuliwa kwa fedha. Utumwa uliwapeleka pwani kwa nguvu, na pwani wakajifunza Kiswahili. Wengine bado walikumbuka lugha za bara walikotoka. Walijua uchovu wa msafara, walijua mtoto anavyotetemeka anaposikia kelele za wavamizi usiku. Mwalimu kutoka Oxford angeweza kusoma habari hizo akazielewa, ila mwanakijiji wa ziwani aliyepoteza wanawe wawili msituni alimhitaji mtu ambaye hakuwa na haja ya kuelezwa. Jeraha lao halikufutwa, wala hakuna anayepaswa kusema lilikuwa jema. Lilikuwa ovu tangu mwanzo hadi mwisho. Mungu alilichukua hivyohivyo lilivyo, akawatuma nalo.

Wala mambo hayakwenda kama wakubwa walivyopanga. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka pwani, akikusudia kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, nchi ambayo wengi wao walitekwa. Walipofika Masasi wakaiona ardhi nzuri, wakaomba waishie hapo. Steere akakubali. Watu ambao kwa miaka hawakuulizwa wanataka nini ndio waliochagua mahali, na Masasi ikawa moja ya ngome kubwa za Kanisa Anglikana kusini.

Mwaka huohuo wa 1876 alifika Unguja kijana Mwingereza aliyeitwa William Percival Johnson. Mwaka 1880 alikwenda Mwembe, mji wa Mataka, mtawala wa Wayao, ng'ambo ya mto Ruvuma. Hakudumu. Msafara wa watumwa wa Mataka ulipokamatwa pwani, hasira ikamgeukia yeye, akafukuzwa na mali yake ikaporwa. Akaelekea ziwani. Mwanzoni mwa 1882 alijiunga naye padri mwenzake, Charles Janson, ambaye alikufa ufukweni karibu mara tu baada ya kuliona ziwa. Kisha, katikati ya miaka ya 1880, macho ya Johnson yakaugua. Jicho moja likapofuka kabisa, la pili likabaki na nuru hafifu.

Mtu wa namna hiyo, kwa hesabu ya ofisi yoyote, ni wa kurudishwa kwao apumzike. Ametimuliwa kituo chake cha kwanza, amemzika mwenzake, na sasa haoni. Johnson alirudi ziwani akafanya kazi miaka mingine zaidi ya 40.

Misheni ilikuwa imepata meli ndogo ya mvuke, ikaitwa Charles Janson kwa kumbukumbu ya yule marehemu. Makao yakawa kisiwani Likoma. Johnson alisafiri kwa meli hiyo akipita mwambao wa mashariki kijiji kwa kijiji, akishuka, akifundisha, akilala alipopewa pa kulala na kula kilichopikwa. Alisimuliwa kuwa mtu asiyejali chakula wala malazi, na jambo hilo liliwaudhi baadhi ya wenzake kuliko lilivyowaudhi wenyeji. Kwa jicho lile moja alitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Kazi hiyo haiwezekani kwa mtu asiyeona vizuri akiwa peke yake. Ilihitaji watu wa ziwani wa kumsomea, kumsahihisha na kumbishia kuhusu neno lipi linasemwa kweli kijijini. Udhaifu wake ulimlazimisha kuwategemea, na tafsiri ikawa ya watu wengi ingawa jina lililobaki ni moja.

Johnson alifariki Oktoba 1928 Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake mkubwa, na ambapo meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani Agosti 1914, siku chache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza. Kaburi lake liko hapo Liuli na waumini bado hulitembelea. Hapo Liuli pia ipo Hospitali ya Mtakatifu Anna, iliyotokana na misheni ileile.

Lakini kumtaja Johnson peke yake ni kurudia kosa la kuwasahau walewale waliosahauliwa. Meli iliyofuata, Chauncy Maples, ilisafirishwa kutoka Glasgow ikiwa vipande 3,481. Mitumbwi na mashua zilivipandisha kwa mto Zambezi na mto Shire, na penye maporomoko ya maji vikabebwa vichwani. Tangi la kuchemshia maji la injini, lenye uzito wa tani 11, halikuweza kugawanywa. Lilivutwa kwa kamba na Wangoni 450 mwendo wa maili 64, yaani kilomita zaidi ya 100, wakisogea maili chache tu kwa siku. Meli ikashushwa majini mwaka 1901. Jina la askofu lilichorwa ubavuni, naye alistahili, maana Chauncy Maples alizama ziwani Septemba 1895 akiwa njiani kwenda kuanza uaskofu wake. Majina ya wale 450 hayakuandikwa popote ubavuni. Inafaa pia kukumbuka kwamba hao ni Wangoni, watu ambao kizazi kimoja nyuma walitajwa mwambaoni kwa hofu.

Kanisa lenyewe halikujifunza upesi kutokana na historia yake. Majaliwa alipata upadri mwaka 1890, lakini Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa askofu Mwanglikana Tanganyika, Yohana Omari, alisubiriwa hadi 1955. Ni miaka 65. Katika muda huo walimu na mapadri wazalendo waliendesha vituo, walizika wafu na kusuluhisha ndoa, huku maamuzi yakifanywa na wengine. Kwa hiyo mhubiri anayemwambia mnyonge kwamba Mungu anawatumia waliotupwa anapaswa kuwa mwangalifu sana. Maneno hayo yakitumiwa kumbembeleza mtu aendelee kukaa pembeni, yanamsaidia aliyemtupa. Mungu alipomwona Hajiri alimwonyesha kisima cha maji, na Yusufu hakuachwa gerezani.

Ukipanda kutoka Mbamba Bay kuelekea Mbinga unaikuta habari nyingine ya watu waliosukumwa kando. Miteremko waliyokimbilia Wamatengo katika karne ya 19 ni mikali kiasi kwamba mvua moja kubwa ingeweza kuondoka na udongo wote. Walibaki nayo, wakalima ngolo. Mvua zinapokaribia kuisha, kwenye Februari na Machi, nyasi hufyekwa na kulazwa chini kwa mistari inayokatana, ikifanya miraba. Kazi hiyo kwa desturi ni ya wanaume. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kufunika nyasi zile, shamba zima likabaki na mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata mahindi. Magugu na mabua hutupwa mashimoni yaoze. Maji ya mvua hutua shimoni badala ya kukimbia bondeni na udongo. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao kutoka Japani walifika Mbinga kujifunza kilimo hicho. Mabibi ambao hawakuwahi kuingia darasani wakawa walimu wa maprofesa, jambo ambalo mtu wa imani ana haki ya kuliona kuwa mkono wa Mungu.

Wanawake ndio pia walio nyuma ya mfano wa karibu zaidi na siku zetu. Mwaka 1938 lilianzishwa Chipole, mkoani Ruvuma, shirika la masista Waafrika, Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes. Zama hizo msichana wa kijijini aliyepata shule alikuwa mmoja mmoja, na aliyetaka kuishi bila kuolewa hakueleweka hata kwa ndugu zake. Masista hao wamelea yatima, wameendesha shule na zahanati, wamelima. Kisha wakafanya jambo ambalo wengi wasingelitarajia kutoka nyumba ya watawa. Wakati Songea ilikuwa bado inategemea majenereta ya dizeli, walijenga mtambo wa umeme wa maji Tulila, kwenye mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5. Ulianza kazi mwaka 2015 na umeme wake wanaiuzia TANESCO. Gridi ya taifa ilifika Songea miaka mitatu baadaye.

Masista, kama wale wavulana watano wa Unguja, walipata mtu wa kuwafungulia shule, kisha wakaachiwa kazi yenye uzito. Mtu aliyedharauliwa akipewa pole bila kazi atabaki mgeni wa kupewa pole. Katika parokia na misikiti ya mkoa huu wapo vijana waliofeli kidato cha nne na sasa wanaitwa wa kukaa vijiweni, wapo wenye ulemavu wanaoombewa kila wiki lakini hawajawahi kuulizwa wanaweza kufanya nini, wapo wajane ambao shamba la mume lilichukuliwa na shemeji kabla ya arobaini.

Wapo pia makatekista. Katika vigango vya Jimbo Katoliki la Mbinga, lililoundwa mwaka 1986, na katika makanisa ya Anglikana ya mwambaoni, padri hawezi kuwa kila mahali Jumapili. Anayegonga kengele, anayesoma masomo, anayeongoza sala ya mazishi ni mkulima wa kahawa au mvuvi wa usipa aliyesoma madarasa machache. Mahitaji yake yanajulikana kwa kila halmashauri ya parokia: mafunzo ya mara kwa mara, bima ya afya kwa familia yake, baiskeli kwa wa milimani na nauli ya boti kwa wa ziwani, na kiti katika kikao kinachopanga kazi anayoifanya yeye.