Utafiti uliolipiwa na wafadhili lazima usomwe bure: watafiti wa Kongo wafanye nini?

Mwezi Machi 2024, watafiti waliokuwa wakifuatilia ugonjwa wa Mpox huko Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika jimbo la Kivu Kusini, walitangaza jambo ambalo kila maabara ya eneo hili ilihitaji kulijua. Virusi vya wagonjwa sita vilikuwa vya aina mpya. Zaidi ya hapo, kipimo kimoja kinachotumiwa sana hakingeweza kuitambua aina hiyo, kwa sababu sehemu ya virusi inayotafutwa na kipimo hicho ilikuwa imetoweka.

Makala hiyo ilitoka katika Eurosurveillance, jarida lisilomlipisha msomaji wala mwandishi. Fundi wa maabara wa Goma, Uvira au Bujumbura mwenye intaneti aliweza kuisoma bila kutoa hata dola moja. Miezi mitano baadaye, tarehe 14 Agosti, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza Mpox kuwa dharura ya kimataifa.

Si kila utafiti unafikika hivyo. Mwaka 1982, watafiti kutoka Ulaya waliandika kwamba damu ya baadhi ya wakaaji wa Liberia ilionyesha waliwahi kuambukizwa Ebola. Ugonjwa ulipolipuka huko mwaka 2014, wizara ya afya haikuwa na habari hiyo. Mganga mkuu wa nchi, Bernice Dahn, na wenzake wawili walieleza mwaka 2015 katika gazeti la New York Times kwamba kupakua moja ya makala hizo kungemgharimu mganga wa Liberia dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki.

Ndiyo sababu wafadhili wamekaza masharti. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH), zilizosaidia majaribio ya dawa za Ebola huko Beni na Butembo pamoja na INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, zilikuwa zikiruhusu makala kufungwa hadi miezi 12. Kwa makala zinazokubaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2025, muda huo umefutwa: makala lazima isomeke bure katika hifadhi ya PubMed Central siku inapochapishwa.

Lakini bili haikufutika, imehamia kwa mwandishi. Mwaka 2021, jarida la Nature lilianza kudai euro 9,500 ili makala moja iwe wazi kwa wote. Shirika la Gates, lililokuwa likilipa ada za namna hiyo, limeacha tangu Januari 2025. Sasa linataka anayepata fedha zake aweke kwanza makala ya awali kwenye intaneti, kabla wataalamu wengine hawajaipitia.

Kwa mtafiti wa Bukavu au Kisangani, kutimiza masharti hayo si lazima kugharimu pesa. Kuweka makala ya awali katika hifadhi kama medRxiv ni bure, na vilevile kuweka katika PubMed Central nakala ya mwandishi iliyokwisha kukubaliwa na jarida. Wachapishaji wengi pia huwasamehe ada waandishi wa nchi maskini, Kongo ikiwemo, ila mara nyingi ombi hupokelewa wakati wa kutuma makala tu. Anayengoja hadi bili ifike huwa amechelewa.

Kuna pia majarida ya ulaghai, yanayochukua pesa na kuchapisha bila ukaguzi wowote. Orodha ya DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003, husaidia kuyatenga na yale ya kweli.

La muhimu ni kusoma mkataba wa msaada kabla ya kuchagua jarida. Damu na majibu ya wagonjwa wa Kivu ndiyo yanayojaza makala hizi, na waganga wanaowatibu wagonjwa hao wana haki ya kuwa wasomaji wa kwanza.